Mnaopeleka watoto Ujerumani, wafundisheni kufungua barua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako na naomba na uvumilivu, maana mimi nikianza kuandika breki sina. Siku hizi nikifungua gazeti, nikifungua simu, hata nikipita kwenye nguzo za umeme huku mtaani nakutana na matangazo ya Ujerumani, njoo usomee uuguzi, jifunze Kijerumani, kazi ipo, na picha ya binti kavaa nguo nyeupe anacheka. Sina ugomvi nayo. Mtoto wa kaka yangu mwenyewe anaondoka mwezi wa tisa kwenda kusomea hiyo hiyo miaka mitatu, keshapata cheti cha Kijerumani ngazi ya B1 anamalizia B2 huko Upanga, na ada ya kozi sehemu kubwa nimetoa mimi shangazi yake. Ninachouliza ni kimoja tu, ivi kuna mtu yeyote kwenye hizo kozi na hayo matangazo anawafundisha hawa watoto kufungua barua?

Msicheke kwanza.

Nimekaa Hamburg kuanzia 1999 mpaka 2022, miaka 23, muda mwingi nikifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mshahara wangu wa kwanza ulikuwa wa Mark, hela yao ya zamani, euro za mkononi zilikuja Januari 2002. Sasa niko zangu Tungi, Kigamboni, na jioni nikikaa kibarazani vijana wanapita, shikamoo shangazi, marahaba, alafu swali ni lile lile, eti kule kwa saa wanalipa bei gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza barua zinafikaje. Na kitu kilichonikondesha mimi kule wala sio baridi, baridi unanunua koti unaendelea na maisha. Ni barua.

Sisi huku Dar barua tunaijua ya mwaliko wa harusi na ya mchango wa shule. Posta ni S.L.P., ya ofisini au ya mjomba, mtu anapita akikumbuka. Kule kila anayeishi kwenye jengo ana kisanduku chake cha bati chini pale mlangoni, na sikiliza vizuri hapa, nyumba nyingi za kupanga za maghorofa milango haina namba. Hakuna nyumba namba 12 ghorofa ya tatu. Kuna jina. Mtu wa posta anatafuta jina lako kwenye kisanduku, asipoliona barua inarudi ilikotoka na maisha yako yanarudi nayo. Kuna kijana wa kwetu alikuwa anakaa kwa rafiki yake chumba cha kuibiaibia, mwenye nyumba hajui, kwahiyo jina lake halikuwepo popote, si kwenye kengele wala kwenye kisanduku. Barua ya kumwita akaongeze muda wa kibali ikaja ikarudi, ikaja tena ikarudi. Yeye anasubiri simu. Kule ofisi hazikupigii simu, anayekupigia simu ni mama yako.

Na jina lenyewe pia ni kazi. Sisi tuna majina matatu, langu, la baba, la babu, basi kwenye pasipoti la mwisho ndo linaandikwa la ukoo, wakalichukua hilo hilo nikawa Bibi Fulani kwa jina la babu yangu miaka 23. Mzee mwenyewe hajawahi kuvuka Rufiji kuja upande huu, lakini jina lake limekaa kwenye kengele ya ghorofa Hamburg, limeitwa hospitali, limeitwa benki, mara ya kwanza kliniki wameniita mara tatu nimekaa tu namshangaa huyo anayeitwa mbona haendi.

Alafu ukihamia nyumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha kwamba sasa unakaa hapa, na mwenye nyumba anakupa karatasi ya kuthibitisha. Bila hiyo karatasi kila kitu kinakwama, benki, bima ya afya, namba ya kodi. Kwahiyo kijana akikuambia amepata chumba cha bei poa Hamburg lakini mwenye chumba hataki kumwandikisha, huyo hajapata chumba.

Sasa niwape kisa changu mwenyewe, kinanitia aibu mpaka leo.

Kule kuna ada ya redio na televisheni za umma. Zamani nilipofika ilikuwa unalipia kama una kifaa, mimi TV sikuwa nayo, zile barua za kuuliza una TV huna TV nilijibu mara ya kwanza baadaye nikawa nazitupa. Mwaka 2013 wakabadilisha, kuanzia Januari inalipwa kwa nyumba, uwe na TV usiwe nayo, uwe unaangalia au umeweka kitambaa juu yake kama bibi zetu. Ilikuwa euro 17.98 kwa mwezi, baadaye ikashuka 17.50, mwaka 2021 ikapanda 18.36. Barua zikaja, mimi naona nembo ile ile, nasema hawa nao, si nishawaambia sina TV, natupa. Moja, mbili, kumi. Kijerumani cha kuongea nilikuwa nacho kizuri tu, naongea na wazee kutwa nzima, tunataniana, lakini Kijerumani cha barua ya serikali ni lugha nyingine kabisa, neno moja linaanza Magomeni linaishia Mbagala.

Mwezi wa tano 2016 mama akafariki. Nikaunganisha likizo yangu yote nikaja, ndo nikavuka daraja la Kigamboni kwa mara ya kwanza, lilikuwa limefunguliwa mwezi uliotangulia, nikakaa mpaka arobaini. Ufunguo wa kisanduku cha barua nilikuwa nao kwenye pochi. Sikumwachia mtu. Wiki sita.

Nimerudi Ijumaa usiku, kisanduku kimejaa hadi kinatapika, nimebeba mzigo wote nikautupa juu ya meza ya jikoni nikalala. Jumamosi nikaenda supamaketi, nina maziwa, mkate, vitunguu, na yule kuku wa kuchoma wa promosheni, nafika kwa keshia kadi inakataa. Anajaribu tena, inakataa. Nyuma yangu foleni ya Jumamosi, na kule watu wakikerwa hawasemi kitu, wanapumua tu kwa nguvu. Nikarudisha kuku, nikarudisha vitunguu, mkononi nina euro nne na senti, nikalipa mkate na maziwa nikatoka.

Nyumbani nikakaa na ile lundo. Katikati kuna bahasha ya njano. Wapendwa, ile njano ikumbukeni. Bahasha ya njano haiji na matangazo ya pizza. Mtu wa posta anaandika tarehe kwa kalamu juu ya bahasha, siku aliyoitumbukiza, na ile tarehe ndo siku inayohesabiwa kwamba umeipokea, hata kama siku hiyo wewe ulikuwa Rufiji unamwagia mchanga kaburi la mama yako. Kuanzia hapo siku zinahesabiwa, mara nyingi ni wiki mbili za kupinga au kujibu, zikipita zimepita. Zangu zilikuwa zimepita zamani. Deni la miaka mitatu na nusu la TV ambayo sina, hesabu yake kama euro 750, juu yake gharama za kuchelewesha na za kufuatilia, na akaunti ishafungwa.

Nililia siku ile, sijui kama nilikuwa namlilia mama au zile 750.

Aliyenitoa ni mfanyakazi mwenzangu, mama wa Kituruki, alikuja na kalamu mbili na faili. Ndo nikajua kumbe unaweza kwenda benki ukaomba akaunti yako iwe ya kulindwa ili kiasi cha kula na kodi ya nyumba kisiguswe. Kumbe unaweza kuandika kuomba kulipa kidogo kidogo, nikalipa zaidi ya mwaka. Kumbe hata ile tarehe ikipita kwasababu ulisafiri, ukiwa na tiketi na ushahidi na ukawahi kuandika, unaweza kuomba usikilizwe. Kumbe kumbe, kila kitu kilikuwepo, tena kimeandikwa ndani ya zile zile barua nilizotupa. Na yule mama akanifundisha faili la matundu mawili. Kila barua inatobolewa inaingia kwa tarehe, nyumba faili lake, kazi lake, bima lake. Nilipofunga virago 2022 nilitupa masufuria nikabeba mafaili matatu, pale uwanja wa ndege nikalipia uzito, na sijutii. Pensheni yangu imo mle. Ukichangia miezi 60, yaani miaka mitano, unakuwa na haki ya pensheni ukifika umri, lakini kuna miezi kwenye hesabu yao ilikuwa haionekani na aliyeithibitisha ni mimi na salari slipu zangu za mwaka 2003. Nawajua wenzangu waliofanya kazi pamoja na mimi ambao miezi yao mpaka leo hawajaweza kuithibitisha kwa chochote.

Mengine ntayapitia haraka maana najua nafasi ni ndogo. Kodi ya nyumba kuna ya baridi na ya moto, wenyewe ndo wanavyoita, baridi ni nyumba tupu na moto ni pamoja na hita na maji na taka, sasa kijana anaona tangazo anashangilia bei kumbe ni ya baridi. Dhamana inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Kuhama unatoa notisi miezi mitatu, na kwa maandishi, sio meseji. Leseni yako ya udereva ya Tanzania inafanya kazi miezi sita tu tangu uanze kuishi kule, baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na wa barabarani upya, na usidharau, kule wanaendesha kulia. Kibali cha kuishi nacho kwa wengi kinakufa ukikaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita, kuna mtu alikuja huku kusimamia nyumba yake Chanika, fundi akamzungusha, sementi ikaisha, miezi minane imepita ndo anakumbuka kurudi. Dagaa beba, samaki mkavu wanaruhusu kwa kiasi, nyama na maziwa hapana kabisa, hata ile samli ya bibi iache.

Jumapili usitoboe ukuta, usitupe chupa kwenye pipa la chupa maana zinalia, na usitwange. Mimi nilikuwa na kinu changu kidogo cha bizari, Jumapili asubuhi wageni wanakuja natwanga zangu za pilau, nikafungua mlango nakuta kikaratasi kimebandikwa, mwandiko mzuri kweli wa kizamani, kimeandikwa heshima zote na mwisho wake kwamba leo ni Jumapili. Nikampelekea yule mzee sahani ya pilau. Alikula akarudisha sahani imeoshwa, na Jumapili iliyofuata nilipojisahau nikatwanga tena akaleta kikaratasi kingine. Nikajua hapa ni sheria, pilau haihongi.

Saa nazo. Mwezi wa kumi Jumapili ya mwisho wanarudisha saa nyuma, kwahiyo kipindi cha baridi tunapishana masaa mawili, ikifika Machi linabaki moja. Kaka yangu huyu baba wa kijana miaka yote 23 hakuwahi kulikubali hilo. Akishaswali alfajiri saa kumi na moja anapiga, dada umeamkaje, na kule ni saa tisa usiku. Nikiona simu inaita saa tisa usiku najua kuna msiba, moyo unaenda mbio, kumbe anataka kuniambia mbuzi kazaa.

La uraia siligusi sana, wenye akili zaidi yangu wanalijadili. Nasema tu Ujerumani tangu Juni 2024 wameruhusu mtu kubaki na pasipoti yake ya zamani, sheria yetu sisi bado hairuhusu uraia pacha, kwahiyo kijana akifika siku ya kuchagua ajue anachagua kweli. Na la kufa kidogo, maana vijana hawapendi kusikia. Kaburi kule unapanga. Miaka 20, 25 kutegemea na mji, muda ukiisha kama hakuna anayelipia wanampa mwingine. Mwenzetu mmoja wa Tanga alipolisikia hilo akasema mimi nirudisheni hata kwa boti, na alipofariki tulichanga kikundi kizima tukamrudisha. Ndo maana kwenye vikundi vyetu mchango wa msiba haukosi, hata ukiwa umefulia vipi.

Sasa nirudi kwa huyu mtoto. Unajua mwaka 2022 serikali ilipita kuweka anwani za makazi, na mimi nyumba yangu ina namba na mtaa una kibao, nilifurahi mno nikaenda kwa fundi chuma nikachongesha sanduku la barua nikalifunga getini, lina kitundu na kifuniko na kufuli dogo. Majirani walikuja kuliangalia. Bodaboda bado wananiuliza mama ni karibu na duka la nani. Barua haijawahi kuingia hata moja, mwaka wa kwanza waliingia manyigu.

Barua zangu za kule zinakuja kwenye S.L.P. ya ofisini kwa kaka. Na kila mwaka katikati ya mwaka inakuja moja muhimu, karatasi ya kuthibitisha kwamba bado niko hai. Naipeleka igongwe muhuri na mtu anayetambulika kwamba huyu kaja mbele yangu anapumua, naituma, isipofika pensheni inasimama. Mwaka jana yule karani kijana alinishika mkono akanipima mapigo kwa utani, akasema mama uko hai wewe, akagonga muhuri, tukacheka. Lakini karatasi yenyewe nilikuwa nimeipata imechelewa. Kaka aliichukua posta akaiweka kwenye gari chini ya kiti, ikakaa wiki tatu na chupa za maji. Nilipomfokea anasema dada si ungeniambia ni ya maana, ilikuwa bahasha tu.

Pale ndo nikajua kijana katoka wapi.

Kwahiyo tangu mwezi wa tatu yule mtoto, ambaye anakaa kwangu ili awe karibu na pantoni aende kozi, nimempa ufunguo wa lile sanduku la getini. Nikamwambia hili ni lako, liangalie kila siku ukirudi. Alafu nikawa namtumbukizia barua. Naandika kwa Kijerumani cha ofisini kadri nnavyokumbuka, nafunga kwenye bahasha, naweka tarehe. Mojawapo nilimwandikia kwamba ana haki ya kuchukua shilingi 50,000 za nauli kwa shangazi yake, ajibu kwa maandishi ndani ya siku 14, baada ya hapo haki hiyo inakufa. Bahasha nilitafuta ya njano, nimeipata Kariakoo kwa shida.

Siku ya tatu kimya. Siku ya tisa namuuliza vipi umeangalia sanduku, ananiambia aa shangazi ntaangalia, huku anachezea simu. Siku ya 17 ndo anakuja mbio na bahasha mkononi, shangazi, shangazi, hii elfu hamsini. Nikamwonyesha tarehe. Nikamwonyesha na mtungi wa gesi jikoni, mpya, umejaa.

Alinuna siku mbili. Baba yake akanipigia, saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yake, dada unamtesa mtoto. Nikamwambia kaka, elfu hamsini ni bei ndogo sana, mimi nililipa euro 750 na kuku nikamwacha kwa keshia. Tangu siku ile kufuli la sanduku nalisikia kila jioni akirudi, anafungua, anaangalia, anafunga, na juzi nimekuta kajinunulia faili la matundu mawili mwenyewe sijamtuma.

Mhariri, najua barua hii imezidi. Ukitaka kupunguza, punguza ya dagaa na ya saa. Ya bahasha ya njano iache.

Shangazi wa Tungi,
Kigamboni, Dar es Salaam